Kipimo Kilichorukwa

Haya nimeyaandika kwa ajili ya wanaume. Wanawake wakitaka kusoma wasome, lakini wao wameshazoea kuvua nguo mbele ya daktari tangu mimba ya kwanza. Mwanaume wa umri wangu anaweza kutokwa na damu chooni msimu mzima na asimwambie hata mke wake. Mimi nilinyamaza wiki saba.

Watu huniita Baba Wakesho. Nilikuwa msimamizi wa wakata mkonge kwenye shamba moja nje ya Voi mpaka nilipostaafu, na baada ya hapo nikawa nafuga mbuzi wachache na kusumbuana na tembo waliokuwa wakija kunywa maji kwenye tangi letu. Sikuwa mgonjwa wa kitu chochote. Hata miwani sikuwa nayo.

Damu niliiona vuli ilipoanza. Nilijiambia ni bawasiri, kwa sababu baba yangu alikuwa na bawasiri na alikufa mzee sana kwa jambo lingine. Nikaacha pilipili. Nikanywa maji mengi. Mama Wakesho ndiye aliyekuja kuiona kwenye suruali yangu siku anafua.

"Hii ni nini?"

"Ni bawasiri."

"Nani amekwambia?"

"Najua tu."

Kesho yake alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, lile tunalotumia hospitalini badala ya faili, akaandika jina langu juu yake, akanisindikiza mpaka mlango wa hospitali. Hospitali yenyewe sitaitaja. Wanaojua watajua, na wasiojua hawatapungukiwa.

Pale unaweka daftari lako juu ya mengine mezani, unakaa kwenye benchi, unangoja jina. Niliketi kuanzia saa mbili mpaka karibu saa sita. Kulikuwa na mama aliyeshika mtoto mwenye kifafa, na askari mmoja wa wanyamapori ambaye mguu wake ulikuwa umevimba kama gogo. Kila jina lilipoitwa sote tulinyoosha shingo. Nilikuwa natamani niitwe, na nilikuwa natamani nisiitwe.

Aliyeniita alikuwa kijana mrefu, koti jeupe limepigwa pasi. Akavuta pazia lote, hata ile sehemu ya mwisho ambayo huwa wanaiacha wazi. Akanipa mkono.

"Mzee, naitwa Dennis. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, niko mwaka wa tano. Nitakuangalia kwanza, halafu daktari mwenyewe atakuja. Iko sawa?"

Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniuliza kama iko sawa. Aliniuliza nina watoto wangapi, nilifanya kazi wapi, mkonge unakatwaje. Nilipomweleza kuhusu damu hakukunja uso. Alinibonyeza tumbo taratibu, akasikiliza kifua. Halafu akaangalia glavu zilizokuwa mezani, akaniangalia mimi, akapunguza sauti.

"Kuna kipimo kingine cha kuingiza kidole huku nyuma. Wazee wengi hawakipendi. Hii tunaweza kuiruka, ama?"

"Turuke," nikasema.

Nikamshukuru. Nataka hilo liandikwe wazi. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamwambia asante sana daktari, na nilimaanisha. Nilijisikia kama mtu aliyesamehewa viboko.

Akaandika kwenye daftari. Daktari mkubwa akaja akiwa na simu sikioni, akasoma mstari wa mwisho, akauliza bila kuniangalia, "Bawasiri?" Dennis akasema ndiyo. Daktari akasaini, akanyoosha vidole viwili kuonyesha dawa aina mbili, akaenda na simu yake. Hakufika hata mwisho wa kitanda.

Nilipewa dawa ya kupaka na ya kuingiza. Nilipaka Krismasi, nikapaka kiangazi chote, nikapaka masika. Damu ilipungua, ikarudi, ikapungua. Nikapungua na mimi. Mshipi niliuongeza tundu kwa msumari, mara mbili. Ndugu yangu Mwadime akasema kuna mtu ananifanyia kitu, akamtaja na jina, jirani yetu wa miaka mingi, na mpaka leo mimi na jirani huyo hatusalimiani vizuri ingawa hakufanya lolote.

Julai nilikwenda Mboghoni kwa dada yangu kumsaidia kuvuna vitunguu. Huko kuna maji ya mifereji na baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka mlimani. Siku ya tatu niliinama kwenye tuta nikashindwa kuinuka. Dada aliona damu kwenye udongo. Wakanipakia kwenye mkokoteni wa vitunguu mpaka zahanati.

Pale palikuwa na mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa pwani, mnene, sauti ya juu. Jina lake Mwanaidi. Si daktari wa digrii, ni wale wa chini yake, lakini watu wote wanamwita daktari. Mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi. Aliniuliza maswali kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia, na nilipoanza kujibu kwa kunong'ona akaniambia, "Sema, baba, mimi si malaika." Nilipoona anavaa glavu nikamwambia nimeshapimwa, imeandikwa kwenye daftari.

"Vua suruali."

"Daktari, mimi—"

"Umekuja kutibiwa au umekuja kuona haya? Lala kwa ubavu. Magoti juu. Pumua."

Iliuma, na ilikuwa aibu kama nilivyoiogopa. Ilichukua muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Nimehesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Ishirini, labda ishirini na tano.

Alivua glavu akaketi. "Hii si bawasiri. Kuna kitu kigumu humu ndani, na hakikuanza jana." Akachukua daftari, akarudisha kurasa mpaka zile za Novemba. "Hapa wameandika walikupima kwa kidole, hawakuona kitu."

"Sikupimwa."

"Kwa hivyo muongo ni huyu au ni wewe?"

"Aliniuliza kama turuke. Nikasema turuke."

"Basi mlikuwa wawili," akasema, akaanza kuandika barua ya kunipeleka mbele.

Hakunipa pole. Lakini alimpigia mtu simu Mombasa palepale, akabishana naye, akamtishia, na wiki iliyofuata nilikuwa na tarehe. Pia aliandika barua nyingine, kwa chuo cha Dennis, ambaye jina lake lilikuwa kwenye daftari. Alinisomea kabla ya kuituma akaniuliza kama nitasema ukweli nikiitwa. Nikasema nitasema.

Kuhusu Mombasa sitaandika mengi ya kitaalamu. Walikata kinyama kidogo wakakipima, na jibu lilikuwa saratani. Daktari wa kule alisema ingekuwa imeonekana mapema zaidi pengine wangenikata kipande kidogo, wakaniunga, nikabaki mtu wa kawaida. Alisema "pengine". Neno hilo limekaa na mimi kuliko dawa zote.

Vuli ya pili ilikuwa ya mionzi. Siku tano kwa wiki, nikilala kwa binamu yangu Changamwe. Ngozi ya huko chini iliungua ikachubuka, nikawa siwezi kukaa ila kwa tako moja. Wagonjwa wa mionzi tulijuana kwa namna tulivyosimama. Watu wakitukaribisha kwenye benchi tunasema asante na hatukai.

Januari wakanifanyia upasuaji. Niliamka nikiwa na kitundu upande wa kushoto wa tumbo, chekundu, kimetokeza kama mdomo wa mtoto, na mfuko umebandikwa juu yake. Kinyesi changu kinatokea hapo na kitatokea hapo mpaka nife. Njia ile nyingine waliishona. Ile sehemu niliyoona haya kuguswa haipo tena. Leo hakuna daktari yeyote anayeweza kuipima hata akitaka.

Nyumbani ilikuwa kazi. Kitundu hakina adabu, kinatoa sauti kanisani, kinatoa sauti wageni wakiwa wanaomba chakula kibarikiwe. Mfuko wa kwanza niliubandika vibaya ukaachia kitandani. Mama Wakesho aliamka akabadilisha shuka bila neno, na siku iliyofuata akahamia chumba cha Wakesho, binti yetu ambaye ameolewa Mwatate. Alisema ni kwa sababu ya joto. Nilijua si joto. Tulikaa hivyo wiki nyingi, tukizungumza habari za mbuzi tu. Siku moja nikamuuliza kwa hasira kama mume wake ananuka. Akasema, "Ndiyo, unanuka. Na mimi nimechoka. Ulitaka nikudanganye?" Akaenda nje akalia karibu na tangi. Sikumfuata. Hilo nalijutia zaidi ya mambo mengine.

Aliyetusaidia ni mwanamke mmoja tuliyekutana naye kwenye benchi nilipokwenda kutiwa kemo ya kwanza, ile dawa ya saratani ya mshipani. Mume wake alikuwa na mfuko kama wangu. Alimchukua Mama Wakesho kando, akamwonyesha jinsi ya kukata kadibodi ya boksi la sabuni iwe kipimo cha duara, ili tundu la mfuko likae sawasawa na lisivujishe. Mke wangu alirudi nyumbani akakata kadibodi hiyo, akashona na mshipi wa leso kuukuu wa kushikilia mfuko chini ya shati. Usiku ule alirudi chumbani kwetu.

Barua ya chuo ilinikuta kati ya kemo ya pili na ya tatu, wakati vidole vinakufa ganzi na kila chakula kina ladha ya msumari. Nilitakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Mama Wakesho alisema nisiende, nimeshaumia vya kutosha. Nikaenda.

Nje ya chumba kulikuwa na mama mmoja amevaa nguo za kanisa. Alinisalimu kwa Kidawida, lugha yetu, na kwa heshima zote. Alikuwa mama yake Dennis, ametoka milimani juu ya Wundanyi tangu alfajiri. Hakuniomba niseme uongo. Aliniambia tu kwamba huyu ndiye mtoto wake wa pekee aliyesoma, na kwamba amekuwa hali chakula. Nilikuwa na mfuko uliojaa nusu chini ya koti. Nilimwambia, "Mama, hata mimi sili." Nikaingia.

Walikuwa watu watano nyuma ya meza, kila mmoja na chupa yake ya maji. Wa pili kutoka mwisho alikuwa yule daktari mkubwa wa simu. Kila mtu alijitambulisha, na zamu yake ilipofika akasema yeye ndiye mwalimu wa somo la maadili ya kazi. Hakunikumbuka. Niliona kabisa kwamba hakunikumbuka.

Nilieleza yote. Nilieleza na yale ya kushukuru. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, aliandika. Halafu yule wa pili kutoka mwisho akauliza, "Kwa hiyo, mzee, kwa maneno yako mwenyewe, ulikataa kipimo."

"Sikukataa. Niliulizwa kama turuke."

"Na ukasema?"

"Nikasema turuke."

"Huko ndiko kukataa," akawaambia wenzake. "Mgonjwa ana haki ya kukataa. Hapa kosa ni la maandishi tu."

Dennis alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa amekonda, koti limemzidi. Akaomba kusema.

"Hakukataa. Nilimuuliza vile unamuuliza mtu ukitaka aseme hapana. Nilikuwa na wagonjwa kumi na wawili wa kuandika asubuhi hiyo. Nikaandika nimempima kwa sababu ningeacha wazi ningeulizwa. Na nilijua itasainiwa. Huwa inasainiwa tu."

Hakuna aliyegeuza kichwa kumtazama wa pili kutoka mwisho. Mwenyekiti alifungua chupa yake ya maji akanywa.

Sitajifanya mtakatifu. Kule shambani nami nilisaini karatasi za vikosi nikiwa kivulini, bila kutembea mpaka mwisho wa mstari. Nilihesabu matita ya mkonge kwa macho, kutoka mbali. Lakini ulikuwa mkonge.

Jibu la kamati lilikuja masika yakiisha, nilipokuwa nimemaliza kemo na nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto. Aya moja. Mwanafunzi amerudishwa mwaka mmoja kwa kuandika kipimo ambacho hakikufanywa "baada ya mgonjwa kusita". Kuhusu sahihi iliyokuwa chini ya maandishi hayo, hakuna neno. Nilisoma barua ile mara nyingi nikitafuta ile sahihi. Nilichokikuta humo ni kusita kwangu.

Mwanaidi alicheka nilipomsomea kwenye simu. Akaniambia na yeye ana barua yake. Kuna mtu alitia karatasi kwenye sanduku la maoni la zahanati, akalalamika kwamba ana mdomo mchafu, na ameitwa Voi kwa mafunzo ya siku mbili ya kuzungumza vizuri na wagonjwa. "Nitajifunza, baba," akasema. "Nitakuwa natukana kwa adabu."

Nikaja kuelewa vizuri jambo hili kwenye kliniki ya miezi mitatu. Baada ya kuonwa, muuguzi alinipa fomu ya kumpima mwanafunzi aliyenihudumia. Ilikuwa na picha za nyuso, kutoka uso unaotabasamu mpaka uso ulionuna, na maswali. Je, alikusalimu? Alijitambulisha? Alivuta pazia? Alikuuliza ruhusa? Alikusikiliza bila kukukatiza?

Nilishika kalamu kwa vidole vyangu vya ganzi nikamfikiria Dennis. Angepata tabasamu zote. Kila swali. Ningemwekea kwa furaha siku ile ya Novemba, na ningeongeza maneno mazuri. Na Mwanaidi, aliyeniokoa, asingepata hata moja. Hakukuwa na swali lililouliza kama mtu alifanya kile alichoandika kwamba amefanya. Nikaliandika mwenyewe pale chini, kwa herufi kubwa. Muuguzi akalisoma akasema, "Mzee, hiyo ya chini haiingii kwa kompyuta."

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unatokwa na damu, usiseme bawasiri kabla hujapimwa. Ukipewa daktari mpole, shukuru, kisha umwambie ukweli kwamba unaogopa na akupime hivyo hivyo. Soma kilichoandikwa kwenye daftari lako. Kama huwezi kusoma mwandiko wao, uliza mbele yao, neno kwa neno, hata wakikasirika. Kuhesabu mpaka ishirini. Mimi ningeipata njia yangu nzima kwa kuhesabu mpaka ishirini.

Dennis alikuja nyumbani mwaka huu, wakati wa baridi. Sikumwita. Mbwa walibweka nikatoka nikamkuta amesimama langoni na viatu vimejaa vumbi, hana mfuko wala zawadi. Nilitaka kumrudisha. Mama Wakesho akasema, "Mgeni anaingia," akaleta kiti.

Alikaa. Halafu akaniuliza kama anaweza kukiona kitundu. Nilidhani ni wazimu. Lakini nikafungua shati, nikautoa mfuko, nikausafisha mbele yake, na sikufanya haraka. Nilitaka aone, asikie na harufu. Macho yalimjaa maji lakini hakuyaondoa pale. Nilipobandika mfuko mwingine akasema, "Nisamehe, mzee."

Sikumjibu. Ningependa kuandika kwamba nilimjibu.

Mama Wakesho akaleta chai. Nikamuuliza, "Na yule mwalimu wako?"

"Yuko. Bado anatufundisha maadili."

"Ndiye aliyekupa alama mwaka huu?"

"Ndiye. Amenipa za juu kuliko darasa lote."

"Kwa sababu sasa unapima watu?"

Alizungusha kikombe mkononi. "Hapana, mzee. Hiyo haangalii. Ni kwa sababu siku hizi siongei."

Mama Wakesho alikuwa ameinua birika. Akalishikilia hapo. "Lakini unapima kweli?" akamuuliza.

"Napima, mama. Kila mtu. Wengine wananitukana."

"Waache wakutukane," akasema, akamjazia kikombe.

Nilikaa nao mpaka chai ilipokwisha, na kijana alipoinuka kuaga nilimpa mkono, mmoja tu.